Volti Thelathini na Moja

Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya Krismasi, Editha, mwenyekiti wa kamati ya mapambo ya usharika wa Mtalamwe, alifungua boksi la taa za mti, akachomeka adapta ukutani, akasikia tap. Kisha akasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Aliichomoa, akainusa, akasema, "Kwisha habari yake," akaenda kutafuta mtu wa kumtuma mjini.

Mtalamwe ni kijiji cha wakulima wa alizeti, mwendo mfupi kutoka Shelui. Zile taa, mia mbili kwa idadi, zililetwa na wageni wa usharika rafiki wa Ulaya miaka saba iliyopita, na kila Krismasi zilizungushwa kwenye tawi la mvinje mbele ya kanisa. Watu walizipenda kupita kiasi. Kuna waliokuja kanisani mara moja tu kwa mwaka, na walikuja kwa ajili ya taa, tusidanganyane.

Aliyepatikana wa kutumwa ni Dorika, ambaye wengi walimwita Mama Ritha. Dorika alikamua alizeti, na kila wiki alipeleka madumu ya mafuta Singida mjini, kwa hiyo njia ilikuwa yake. Isitoshe alikuwa ametengwa na kanisa, na waliotengwa hutumwa kuliko wengine. Hakuna kifungu kinachosema hivyo. Ni mazoea tu.

Alikuwa ametengwa miaka kumi na moja. Alipopata mimba bila ndoa, baraza la wazee wa kanisa lilimwita aseme baba wa mtoto ni nani, naye akasema ni Mzee Kefa. Mzee Kefa alikuwa hapo hapo kikaoni. Ndiye katibu wa baraza, na ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari. Aliandika: "Binti amemtaja mtu asiyejulikana." Kisha Dorika akapewa masharti mawili ya kurudi kundini: atubu uzinzi, na atubu kumsingizia mzee wa kanisa. La kwanza alilitubu siku ile ile, kwa machozi. La pili alikataa. Tangu hapo alikaa benchi la mwisho, hakuisogelea meza ya Bwana, na kwaya aliyokuwa akiiimbia sauti ya kwanza ikampa mtu mwingine sare yake. Ritha alizaliwa na masikio ya Mzee Kefa, makubwa, yamechomoza kama vishikio vya sufuria, na usharika mzima uliyatazama kila Jumapili bila neno.

Mwaka huu Dorika alikuwa amechoka. Ritha alikuwa ameanza kuuliza kwa nini wao hukaa nyuma kama watu waliochelewa. Na yeye mwenyewe aliutamani mkate wa ile meza, aliutamani kweli kweli, mpaka mate yakamjaa mdomoni. Njaa ya meza ya Bwana nayo ni njaa. Akamwendea mchungaji mpya, Mchungaji Alute, akamwambia, "Baba mchungaji, hata lile la pili nitalisema." Mchungaji Alute, mtu mwema na mwoga, alishukuru Mungu kwa sauti. Ikapangwa kwamba Dorika arudi kundini Jumapili, mkesha wa Krismasi, na kesho yake ale Chakula cha Bwana pamoja na wenzake.

"Mdogo wangu, beba na taa zenyewe," Editha alimwambia alipomkabidhi boksi. "Wakujaribishie kabla hujatoka dukani. Ukishavuka mlango tu, watakwambia kilikuwa kizima."

Ubavuni mwa ile adapta palikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Yalisema volti 31.

Mzee Shantilal alikuwa na duka la vifaa vya umeme Singida mjini, alilorithi kwa baba yake, na alikuwa mteja wa mafuta ya Dorika kwa miaka. Mkwe wake, Urvashi, ndiye aliyekaa kaunta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Leo madumu mangapi?"

"Manne. Na nina shida ya adapta."

Mzee Shantilal aliisogeza ile adapta puani, akasoma. "Thelathini na moja? Nani anatengeneza kitu cha namna hii?"

"Wazungu."

"Aa." Akapanda stoo. Alirudi na boksi la adapta za volti tano, za tisa, za kumi na mbili, na moja ya ishirini na nne ambayo hakukumbuka ilikuwa ya mashine gani. Thelathini na moja haikuwepo, wala haikuwahi kuwepo. Walijaribu ile ya ishirini na nne, taa zikawaka kidogo tu, kama mtu anayefungua jicho moja kuangalia kama wageni wameondoka.

Urvashi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliukata waya wa ile adapta iliyoungua, akachuna ncha mbili za upande wa taa, ili aunganishe adapta ndogo ndogo mpaka hesabu itimie. "Dada, nishikie hapa," alisema. Dorika akashika ncha moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa wa kushoto.

Taa zikawaka. Ziliwaka juu ya kaunta, juu ya madumu ya mafuta, juu ya maboksi ya feni. Urvashi aliangalia ukutani, akaona hakuna kilichochomekwa. Akachukua mita ya kupimia umeme, akagusisha pale Dorika aliposhika.

"Thelathini na moja, baba."

"Nukta ngapi?"

"Nukta sifuri."

Mzee Shantilal alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi, mama, adapta umekuja nayo. Umenipandisha stoo bure na magoti yangu haya."

Kwa kuwa mita ilikuwa tayari mkononi, walijipima wote. Mzee Shantilal alikuwa na volti tatu. Urvashi tisa. Mbeba mizigo aliyekuwa amekaa mlangoni alikuwa na kumi na mbili, zinazotosha kuwasha king'amuzi, naye akafurahi, akasema ataangalia mpira. Mzee Shantilal akakumbuka bwana mmoja wa Kilimatinde aliyekuwa na volti sita, akasikilizia redio miaka mingi, mpaka alipooa.

"Na mafuta haya hujayachanganya na ya dukani?" aliuliza Mzee Shantilal Dorika alipozishika tena ncha, maana mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

"Sijayachanganya."

Mita haikutikisika.

"Mbona leo umechelewa?"

"Basi liliharibika njiani."

Taa zikafifia. Urvashi akasoma, "Ishirini na sita." Dorika akaona haya mpaka shingoni. "Nilisimama stendi," alisema, "nikala chipsi mayai." Thelathini na moja ikarudi.

"Chipsi mayai si dhambi, dada," alisema Urvashi. Mzee Shantilal akayachukua madumu yote manne bila kuonja, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Urvashi akampa Dorika tepu nyeusi ya fundi umeme, ajifungie ncha za waya kwenye vidole vya shahada, ili mikono isichoke. Tena akamwahidi kwamba watakuja Krismasi kuuona huo mti.

Jioni Editha alikuwa amesimama uani anamngoja.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Iko wapi?"

Dorika akashika ncha. Editha akaziangalia taa, akamwangalia Dorika, akaziangalia tena taa.

"Inapata moto?"

"Hapana."

"Afadhali. Ile ya kwanza ilikuwa inapata moto." Kisha akakunja uso. Waliotengwa hawaruhusiwi kuvuka nguzo ya tatu ya kanisa, na mti uko mbele kabisa. Waya haukufika. Akakumbuka kwamba Jumapili ni siku ya Dorika kurudi kundini, akapumua. "Mungu ana mipango yake. Utakuwa mbele kwa haki yako."

Jumamosi, huku akiitazama mashine ikikamua, Dorika alipiga hesabu. Uongo wa basi ulikuwa umekula volti tano. Huu wa kumsafisha Mzee Kefa ni mkubwa zaidi, hilo alilijua. Akaukadiria kumi, kisha kwa tahadhari akaweka kumi na mbili. Zingebaki kumi na tisa. Alipita kwa Editha kuuliza.

"Dada, taa zikififia kidogo, watu watanuna?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama nusu."

"Nusu watavumilia," alisema Editha. "Wamevumilia mengi."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Tawi la mvinje lilisimama ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga, puto kulia, puto kushoto, na Dorika pembeni yake, amevaa gauni la kitenge, vidole vyote viwili vya shahada vimefungwa tepu. Mti uliwaka mpaka kwenye nyota ya kileleni. Watoto walipiga makofi kabla hata ibada haijaanza, na bibi Flora, anayekaa benchi la mbele kwa sababu ya masikio mazito, alisema kwa sauti kwamba hii adapta mpya ni nzuri kuliko ya zamani.

Mzee Kefa alisimama na karatasi yake. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na alikohoa kwanza, kama kawaida yake.

"Je, unatubu dhambi ya uzinzi?"

"Ninatubu," alisema Dorika. "Kwa mara ya pili."

Taa hazikutikisika.

"Je, unakiri kwamba ulimsingizia mzee wa kanisa hili, mtu asiye na hatia?"

Dorika alimwangalia Ritha aliyekuwa ameketi peke yake benchi la mwisho. Aliiangalia meza yenye kitambaa cheupe. Alivuta pumzi, akaanza, "Ninakiri kwamba nilim..."

Ile nyota ya juu ilizimika kwanza. Zikafuata taa za katikati, kisha za chini, taratibu, zikiachana kama watu wanaotoka msibani, mpaka pakabaki tawi la mvinje ndani ya ndoo ya rangi.

"Taa!" watoto walilia. "Taa!"

"Nyamaza, Mama Ritha!" alipiga kelele bibi Flora. "Usiseme! Usiseme wewe!"

Dorika akafumba mdomo. Taa zikarudi nusu, zikabaki hapo, zinasubiri.

"Pengine waya umelegea," alisema Mchungaji Alute. Editha akaja mbele, akabonyeza tepu kidole kwa kidole. Haikuwa imelegea.

"Tujaribu tena," alisema Mzee Kefa.

Walijaribu tena. Dorika hakufika hata kwenye "nili", giza likauvaa mti. Mtoto mmoja akaanza kulia kweli. Sasa Editha, ambaye alikuwa na mkesha wa kuandaa na Krismasi ya kusimamia na hakuwa na muda wa kupoteza, akashika kiuno.

"Mama Ritha, hebu sema lile la zamani."

"Lipi?"

"Lile la kikaoni."

Dorika akasema, "Baba yake Ritha ni Mzee Kefa."

Mti ukawaka. Uliwaka wote, pamoja na taa saba ambazo hazikuwahi kuwaka hata siku moja tangu zitoke Ulaya. Kanisa likalipuka vigelegele. Akina mama walisimama, akina baba wakapunga kofia, watoto wakarukaruka juu ya mabenchi, na bibi Flora akasema, "Ee, hapo sawa! Hapo hapo, mama, usiguse tena!" Walizishangilia taa. Mzee Kefa alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni.

Baraza likaingia ofisini kwa mchungaji, likakaa dakika kumi. Muhtasari uliandikwa na Mzee Kefa kwa mwandiko wake mzuri. Kwamba taa ni mali ya kanisa na zinapaswa kuwaka. Kwamba Dorika asirudi kundini kwa sasa, kwa kuwa maneno ya kurudi kundini yanazima taa. Kwamba, kwa kipindi chote cha Krismasi, avuke nguzo ya tatu na akae mbele karibu na mti, si kama msharika bali kama kifaa. Kuhusu lile neno alilolisema, wazee walikubaliana kwamba taa hupima umeme, hazipimi mambo ya watu, na hawakuliandika. Mchungaji Alute alisaini huku akiangalia dirishani.

Editha ndiye aliyemsomea Dorika. Alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akasema, "Pole, mdogo wangu."

Iliuma. Asije mtu akasema haikuuma. Lakini Dorika alikuwa amelisema neno lake mbele ya watu mia tatu, kwa sauti, na lilikuwa limewasha mti wote. Kifua chake kilikuwa chepesi kama gunia lililokwisha kumwagwa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Editha naye, aliyetaka kumfariji, akajikuta anacheka, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

"Kifaa!" alisema Dorika. "Mimi!"

"Kifaa cha Ulaya," alisema Editha. "Wewe si wa mchezo."

Krismasi yenyewe habari zilikuwa zimekwisha kufika Shelui. Walikuja madereva wa malori, wakaegesha foleni nzima barabarani. Walikuja majirani Waislamu na watoto wao, wakakaribishwa mabenchi ya pembeni. Mzee Shantilal alikuja na Urvashi na boksi la pipi, wakakalishwa mbele kama mafundi. Urvashi alipima mara moja tu, akamwonyesha baba mkwe wake namba, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wakati kwaya inajipanga, umeme wa kijiji ukakatika, kinanda kikafa. Mti haukujua habari hizo.

Paschal, mwalimu wa kwaya, alibaki na mikono hewani. Bila kinanda hakuna wa kuwapa sauti ya kuanzia. Kila mtu alijua nani angeweza. Paschal akamgeukia Dorika, na Mzee Kefa akasimama.

"Aliyetengwa haimbi kwaya. Utaratibu ni utaratibu."

"Sawa kabisa, mzee," alisema Editha kutoka nyuma ya mti. "Aliyetengwa haimbi. Lakini huyu si msharika, ni kifaa. Umeandika mwenyewe. Na redio je, si kifaa? Redio haiimbi?"

Mzee Kefa alifungua daftari la muhtasari, akasoma mwandiko wake, akaona ni kweli. Akaketi.

"Redio," alisema Paschal, "tupe sauti."

Dorika akatoa sauti. Ilikuwa imekaa miaka kumi na moja na haikuwa imeshika kutu. Kwaya ikaidaka, besi zikaingia, ngoma ikaingia, taa zikaanza kucheza kwa mapigo, nyekundu, kijani, nyekundu, jambo ambalo hazikuwahi kufanya hata kwa adapta ya asili. Watu walitoka kwenye mabenchi. Madereva walicheza na akina mama wa kamati. Bibi Flora aliinua fimbo yake juu na kucheza bila kuiegemea. Mzee Shantilal alipiga makofi nje ya mapigo, hakuna aliyemlaumu. Dorika aliimba amefumba macho, mikono imenyooshwa kwa ajili ya waya, na alikuwa na furaha, furaha tupu, kama mtu aliyerudi nyumbani kwao akakuta sufuria iko motoni. Waliimba nyimbo sita badala ya mbili.

Baadaye ikafika zamu ya Chakula cha Bwana. Watu wakapanga mstari katikati ya kanisa, wakiwa bado wanahema na kutabasamu. Mchungaji Alute alitoa mkate. Mzee Kefa alimfuata na sinia la vikombe. Mstari ulipita mbele kabisa ya mti, hatua moja kutoka kwa Dorika, na kila aliyefika pale aliinua mguu asije akakanyaga waya. Mchungaji Alute alipofika usawa wake, mkono wake ulisita kidogo hewani, kisha ukaenda kwa bibi Flora.

Ritha alikuwa ametoka nyuma, maana siku ile kila mtoto alikuwa mbele. Aliketi sakafuni karibu na ndoo.

"Mama, umefurahi?"

"Nimefurahi sana."

Taa zilitulia, zinang'aa.

"Na ule mkate hutaki?"

"Sitaki, mwanangu."

Mti ukafifia. Mstari wote ukasimama, watu wakageuza shingo, midomo imejaa, mikono imekinga.

"Nautaka," alisema Dorika haraka.

Mti ukawaka tena wote, taa mia mbili, mpaka juu kwenye nyota. "Aaah!" watu walisema kwa furaha, akina mama wakapiga vigelegele, na mstari ukaendelea kusogea.